Kabla Hujaniletea Laptopu Nikufungulie

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo nilikuwa nimepanga kuandika juu ya hifadhidata. Hiyo itangoja. Kuna jambo lililotokea hapa kwetu Pipeline, na nisipoliandika sasa litanikaa rohoni.

Kwa wale wasioijua Pipeline: ni mtaa ulioko Embakasi, Eastlands ya Nairobi. Maghorofa ya orofa saba, nane na zaidi yamebanana hadi jua halifiki chini. Nguo zinaanikwa kwenye veranda, maji yanapandishwa kwa mitungi, na kila mtu anajua jirani yake anafanya kazi gani. Mimi najulikana kama "mtu wa kompyuta". Kwamba kazi yangu ni kuandika programu, wala si kutengeneza mashine, hilo halimhusu mtu. Simu ikizima, naitwa. Printa ikikwama, naitwa.

Basi Jumapili moja jioni nikasikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa orofa ya tatu, anayeuza mboga kule Transami. Binti yake alikuwa aende chuo baada ya wiki mbili. Akatoa laptopu kwenye kiondo, imefungwa kwa leso.

"Kijana wangu, hii kitu imekataa kufunguka. Inaitisha nambari ya siri, na kijana aliyeniuzia amezima simu. Nifungulie tu, nitakupa ya chai."

"Ulinunua wapi, mama?"

"Tauni. Alikuwa nazo mbili kwa begi."

"Alikupa risiti?"

Akaniangalia kama mtu niliyemwitisha cheti cha ubatizo.

Alikuwa ametoa Sh14,000, pesa za chama. Nikaiwasha. Ikaja skrini ya Windows, na juu yake majina mawili ya msichana na picha ndogo ya mviringo. Muuzaji alikuwa mwanamume. Nikamwambia, "Mama, hii siwezi kuifungua kabla hatujajua ni ya nani." Akaifunga ile leso bila kusema neno, akashuka ngazi.

Nitarudi kwa huyo mama. Kwanza nieleze nilichomkatalia, kwa sababu watu wengi wanadhani kufungua nenosiri la Windows ni uchawi. Si uchawi. Ni jambo jepesi mno, na wepesi wake ndio tatizo lenyewe.

Nenosiri hukaa wapi?

Windows haihifadhi nenosiri lako kama ulivyoliandika. Inalisaga kwanza. Fikiria kinu cha posho: unaweza kugeuza mahindi kuwa unga, lakini huwezi kugeuza unga ukawa mahindi tena. Unga huo wataalamu huuita heshi. Unapoandika nenosiri, Windows inalisaga upya na kulinganisha unga na unga. Ukilingana, unaingia. Kwa akaunti zilizo kwenye mashine yenyewe, unga huo umewekwa katika faili moja iitwayo SAM, ndani ya folda ya Windows\System32\config.

Windows ikiwa macho, faili hiyo haigusiki. Lakini ukiiwasha kompyuta kwa kutumia diski nyingine, sidii au fleshi, Windows inakuwa imelala. Ni kama ploti yenye geti la chuma na soja mkali, lakini upande wa nyuma haina ukuta. SAM inabaki kuwa faili kama faili nyingine yoyote. Huhitaji kulijua nenosiri la zamani. Unafuta unga uliomo, unaacha patupu, unawasha upya, unaingia.

Programu maarufu ya kazi hiyo iliandikwa na Petter Nordahl-Hagen wa Norway mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuna pia ujanja wa kubadilisha faili utilman.exe, ile ya kitufe cha msaada kwa walemavu kwenye skrini ya kuingilia, na kuweka cmd.exe mahali pake. Ukibonyeza kitufe hicho, unafunguliwa dirisha la amri lenye uwezo wote wa msimamizi. Haya si siri. Yamezagaa mtandaoni kwa miaka mingi, na mafundi wa mjini wanayajua kama mama mboga anavyoijua bei ya sukuma.

Enzi za Windows XP hali ilikuwa mbaya zaidi. Kompyuta nyingi ziliachwa na akaunti ya Administrator isiyo na nenosiri kabisa. Ulibonyeza F8 wakati wa kuwasha, ukaingia katika hali salama, ukaikuta inakungoja. Na hata palipokuwa na nenosiri, XP ilitunza nakala iliyosagwa kwa mtindo wa kizamani: herufi zote zinageuzwa kuwa kubwa, kisha nenosiri linakatwa vipande viwili vya herufi saba saba, kila kimoja kinasagwa peke yake. Kuvunja vipande viwili vidogo ni rahisi kuliko kimoja kirefu. Programu iitwayo Ophcrack ilifanya hivyo kwa dakika chache. Ni Vista, iliyotoka mwaka 2007, iliyoacha kutunza nakala hizo na kuizima akaunti ya Administrator tangu mwanzo.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya.

Ungamo

Mwaka 2008 nilikuwa kijana wa saiba, hapa hapa Pipeline. Mshahara ulikuwa mdogo. Nilikuwa na sidii moja niliyoichoma mwenyewe, imeandikwa "KEY" kwa kalamu nyeusi, na kila laptopu niliyofungua nililipwa Sh500. Sikuuliza swali. Nilijiona mjanja, na vijana wenzangu walikuja kutazama.

Siku moja akaja jamaa na laptopu safi kabisa, chaja hana. Chaja hana! Hilo peke yake lilitosha kuniambia kila kitu. Nikatia chaja ya saiba, nikatia sidii, baada ya dakika kumi tukaingia. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya familia, siku ya mahafali: binti katika joho, baba mwenye kofia, mama anacheka. Jamaa akasema, "Toa hiyo picha." Nikaitoa. Nikaweka ile ya milima inayokuja na Windows. Akanipa Sh500, nikanunua chapati na maharagwe.

Sikuiba laptopu ile. Lakini nani aliyeifanya iweze kuuzwa? Kabla ya kufika kwangu ilikuwa kipande cha plastiki chenye jina la mtu mwingine. Ilipotoka kwangu ilikuwa bidhaa. Mwizi alifanya nusu ya kazi, mimi nikafanya nusu nyingine, tena nusu iliyo rahisi na salama zaidi.

Kwa hiyo ninaposema leo kwamba fundi asifungue laptopu bila kuuliza, usinione mtakatifu. Nasema kama mtu aliyekula hizo chapati.

"Nisipofungua mimi, atafungua mwingine"

Hilo ndilo jibu la kila fundi, na ni kweli. Atafungua mwingine. Lakini soko la vitu vya wizi halisimami kwa sababu ya fundi mmoja. Linasimama kwa sababu kila fundi anasema maneno hayo hayo. Laptopu ikikataliwa na mafundi watano, bei yake inashuka. Ikikataliwa na kumi, mwizi atatafuta kitu kingine cha kuiba. Hatuwezi kuuzima wizi wa Nairobi kwa fleshi, lakini tunaweza kuacha kuupa risiti.

Na kuna sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inamhusu mtu anayevunja kinga ya kompyuta ili aingie huku akijua hana ruhusa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inampa anayepokea au kushughulikia mali ya wizi kifungo cha hadi miaka 14, ikiwa alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Fundi mwenzangu, laptopu isiyo na chaja, isiyo na risiti, yenye jina la mwanamke mikononi mwa mwanamume aliyezima simu: hiyo si "sababu ya kuamini"? Utamwambia nini hakimu? Kwamba ulipewa Sh500?

Lakini mashine ni yangu!

Hapa nataka nieleweke vizuri. Mimi si mmoja wa wale wanaosema kompyuta isiguswe ila na kampuni iliyoitengeneza. Ukinunua kitu kihalali ni chako, na una haki ya kukifungua, kukitengeneza, kukibadilisha. Watu husahau nenosiri lao wenyewe. Kama ni akaunti ya Microsoft, unalibadilisha kwenye tovuti yao kwa kutumia simu yako au barua pepe yako. Kama ni akaunti ya kawaida ya Windows 10 au 11, kuna maswali ya usalama uliyojibu siku ya kwanza. Kama ni Linux, unaingia kwa hali ya uokoaji na kuandika amri ya passwd. Na yote yakishindikana, ujanja nilioueleza juu upo.

Niliwahi kumfungulia mjane mmoja laptopu ya marehemu mumewe. Alikuja na risiti ya dukani, kitambulisho cha mumewe, na kibali cha mazishi. Sikumwitisha hata moja kati ya hivyo. Alivileta mwenyewe kwa sababu alijua inavyoonekana. Ndani kulikuwa na hesabu za deni la shamba alizokuwa akizihitaji. Kazi hiyo naifanya tena kesho, na bure.

Kwa hiyo ninachouliza si "Je, inafaa kufungua?" Ninauliza "Je, ni ya nani?" Mwenye mali halali huwa na jibu. Si lazima liwe risiti. Linaweza kuwa boksi, picha ya zamani, jina linalolingana na la kitambulisho, au duka linalopokea simu.

Na usinielewe vibaya kuhusu mitumba. Laptopu za "ex-UK" zimesomesha watu wengi katika nchi hii, mimi nikiwa mmojawapo. Kampuni au ofisi ya Ulaya inabadilisha mashine zake, zinauzwa kwa jumla, zinafika kwenye maduka ya Nairobi. Hakuna aibu hapo. Muuzaji mzuri wa mashine hizo amefuta diski na kuweka Windows mpya kabla ya kuiweka kwenye kabati la kioo. Ukiiwasha, inakusalimu kama mgeni na kukuuliza jina lako wewe.

Kufungua si kusafisha

Sasa tuseme laptopu ni halali kabisa, ila muuzaji alisahau kufuta. Je, ufungue nenosiri na uanze kutumia? Bado nasema hapana, na hapa nazungumza kama mwandishi wa programu.

Kwanza, mambo ya mtu wa zamani bado yamo: picha, barua, tovuti alizohifadhi nenosiri zake. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski 158 walizonunua zikiwa kuukuu. Zilizosomeka zilikuwa 129. Zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Nyingine zilikuwa na barua, rekodi za matibabu na maelfu ya nambari za kadi za benki. Na mwaka 2009 waandishi wa habari walionunua diski kuukuu nchini Ghana walikuta ndani yake mikataba ya kampuni kubwa ya silaha ya Marekani. Kama kampuni ya silaha inasahau kufuta, sembuse mwalimu wa Thika?

Pili, hujui mtu wa zamani aliacha programu gani humo. Huenda ipo inayorekodi kila unachoandika. Utafungua benki yako juu ya msingi usioujua?

Tatu, kama mafaili yalikuwa yamesimbwa kwa njia ya Windows yenyewe, ukifuta nenosiri kwa nguvu ufunguo wake unapotea nalo. Unaweza kuingia ndani ya nyumba na kukuta makabati yamejifunga milele. Hii huwaumiza hasa watu waliosahau nenosiri lao wenyewe.

Dawa ni kufuta diski yote na kuweka mfumo mpya. Unahitaji fleshi ya GB 8 na programu ya bure ya kutengeneza fleshi ya usakinishaji, inayopatikana kwenye tovuti ya Microsoft. Laptopu nyingi zilizotoka na Windows 8 kuendelea, yaani kuanzia mwaka 2012, zina leseni iliyoandikwa ndani ya ubao wenyewe, kwa hiyo hutaulizwa ufunguo. Lakini kumbuka usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba ni za zamani mno kwa masharti ya Windows 11. Kwa hizo, weka Linux Mint au Ubuntu. Ni bure, ni nyepesi, na ofisi yake inafungua mafaili ya Word.

Nilimwambia nani haya? Hakuna. Mama alikuwa ameshashuka ngazi.

Jumatatu usiku

Akarudi kesho yake saa tatu usiku. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja wa karibu na stendi, kwa Sh1,000. Fundi aliingia kwenye BIOS, akazima kinga ya kuwasha ili fleshi yake ikubaliwe. Laptopu ikageuka buluu na kuitisha ufunguo wa tarakimu 48.

Hiyo ni BitLocker. Laptopu nyingi za siku hizi husimba diski nzima, na ufunguo hukaa katika kijichipu kwenye ubao. Ukibadilisha mipangilio muhimu ya kuwasha, kijichipu hicho kinakataa kuutoa. Ule ukuta wa nyuma uliokosekana miaka yote sasa umejengwa. Faili la SAM halisomeki, ujanja wa utilman haufanyi kazi, na sidii yangu ya "KEY" ingekuwa kama kigae cha kioo. Windows 11 toleo la mwaka 2024 ikiwekwa upya husimba diski yenyewe kwenye mashine nyingi.

Fundi akamwambia mama, "Hii nitafuta yote, niweke Windows mpya. Sh1,500." Mama alikuwa amekuja kuniuliza kama bei hiyo ni ya haki.

Wasomaji, hapo nilinyamaza. Maana bei ilikuwa ya haki. Na kazi yenyewe ni ile ile ninayoisifu hapo juu: futa, weka mpya. Ningeweza kusema ndiyo, na mambo yangeisha. Binti angeenda chuo na laptopu.

Nikaigeuza ile laptopu chini juu. Kulikuwa na kijikaratasi cha usajili, kile ambacho askari wa geti la chuo hubandika ili mwanafunzi asizuiwe kutoka na mashine yake. Kina nambari ya usajili na jina la chuo. Nikamwonyesha mama. Akakisoma polepole, midomo inacheza.

"Ni wa chuo," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akakaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo mimi, na miaka yangu yote ya kompyuta, sikuwahi kujiuliza pale saiba: "Na kazi yake ya shule, iko humu ndani?"

"Iko humu. Fundi akifuta, imekwenda."

Asubuhi tulipiga simu ofisi ya usalama ya chuo hicho. Nambari ilikuwa kwenye kitabu chao pamoja na ile ya utengenezaji. Jioni msichana akafika na kaka yake. Alikuwa mwaka wa mwisho. Mkoba wake ulichanwa ndani ya matatu wiki mbili nyuma, na alikuwa na abstrakti ya polisi kwenye bahasha. Akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, akafungua akaunti yake ya Microsoft kwa simu, na kuusoma ule ufunguo kwa sauti, mafungu manane ya tarakimu sita sita, kaka yake anaandika. Kisha akaandika nenosiri lake. Ikafunguka mara moja.

Nimefungua laptopu nyingi za watu maishani, lakini sijawahi kuona mashine ikimfungukia mwenyewe namna ile. Msichana alianza kulia kabla hata mafaili hayajatokea. Mama akamshika bega, akasema, "Basi, chukua mama. Ni yako."

Tulikwenda sote kituoni kuandikisha kwamba imepatikana. Mama aliogopa sana njiani, na nilimwelewa: mtu wa Eastlands hapeleki kitu cha wizi kituoni kwa moyo mwepesi. Msichana alieleza yeye mwenyewe jinsi ilivyorudi, na mama akaandikisha sura ya muuzaji. Sh14,000 hazijarudi, na sidhani zitarudi.

Binti yake nimempa ThinkPad yangu ya zamani yenye Linux Mint, wanilipe polepole wakipata. Inafanya kazi. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba hadithi imeisha kwa vigelegele. Mama alipoteza faida ya miezi. Tunasalimiana kwenye ngazi, na siku nyingine salamu ni fupi. Ana haki. Yeye ndiye aliyelipa gharama ya uaminifu wetu sote, na yeye ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko sisi sote.

Ndiyo maana naandika. Mzigo huu usimwangukie mnunuzi mwishoni, wakati pesa zimeshatoka.

Kwa hiyo, tafadhali

Kama unanunua: usitoe hata shilingi kabla laptopu haijawaka na kufika ndani mbele ya macho yako. Muuzaji halali analijua nenosiri, au ameshafuta kila kitu. Hakuna njia ya tatu. Akisema "fundi yeyote atakufungulia", rudisha pesa mfukoni. Izime uiwashe tena, uingie kwenye BIOS uone kama nayo imefungwa, maana kwenye laptopu nyingi za ofisi nenosiri la BIOS haliondoki hata ukitoa betri. Kama baada ya kuweka Windows mpya inakukaribisha kwa jina la kampuni na kuitisha barua pepe ya kazini, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa kampuni; irudishe dukani. Omba risiti yenye nambari ya utengenezaji, na uilinganishe na iliyo chini ya laptopu.

Kama unauza: toka kwenye akaunti zako zote, kisha tumia chaguo la Windows la kurudisha mashine upya, ukichagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski.

Kama unayo na unaipenda: piga picha nambari yake leo. Washa usimbaji wa diski, na uhakikishe ufunguo wa tarakimu 48 umehifadhiwa mahali nje ya laptopu. Nenosiri la Windows bila usimbaji ni komeo la mlango wa bafu. Linamzuia mwenye adabu tu. Na weka nakala ya kazi yako mahali pengine. Yule msichana alikuwa na bahati. Wa picha ya mahafali hakuwa nayo.

Na kama wewe ni fundi: uliza. Swali moja tu, "Ni ya nani?" Utapoteza wateja wachache. Wale utakaowapoteza ni wale ambao hukutaka wakujue jina.

Haya, nimesema yangu. Hifadhidata tutaizungumzia wiki ijayo Mungu akipenda. Kama wewe ni fundi na unaona nimekuonea, niandikie, nitakusoma. Lakini usiniletee laptopu isiyo na chaja.